THOMAS CROMWELL, MTU ALIYEAMURU MAJINA YA WATU WADOGO YAANDIKWE



Siku tulipojaza kartasi za egizame ya Leta, sisi wa kalasi ya sita tuliona jambo lililotuchekesha kwanza, kisha likatunyamazisha. Kartasi iliuliza kila mmoja tarehe yake ya kuzaliwa. Wengi waliandika mara moja. Lakini mwenzetu mmoja alikuwa na mwaka tu, bila siku wala mwezi. Mwingine alikuwa na tarehe mbili, na hakujua ipi ni ya kweli. Wa tatu alitumwa nyumbani kuuliza, akarudi na jibu la nkambo wake, kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna maharagwe, mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji. Tulicheka sana. Lakini mwenye kupokea kartasi hakucheka. Alisema kama Leta haijui maharagwe, inajua tarehe.

Mchungaji ndiye aliyetusaidia. Alifungua sanduku la vitabu vya kanisa, akatafuta muda mrefu katika kitabu cha watoto waliobarikiwa, akamkuta mwenzetu. Ulikuwa mstari mmoja tu, wino wake umekwisha kuwa rangi ya chai: jina lake, jina la baba, jina la mama, na siku. Mstari ule ndio uliomwingiza katika egizame. Kurasa zilizofuata zilikuwa zimeliwa na mchwa, na watoto walioandikwa humo hawaonekani tena.

Tulipomsimulia mwalimu wetu wa historia, yeye alituuliza kama tunajua ni nani aliyeamuru kwa mara ya kwanza kwamba kila parokia ya Uingereza iwe na kitabu cha namna hiyo. Hatukujua. Basi tulisoma, na leo tunawaletea maisha ya mtu huyo. Hakuwa malaika, tunawaambia mapema. Lakini bila yeye, Mwingereza wa kijijini anayetafuta wazee wake angefika mahali pa giza upesi sana.

1. MTOTO ASIYE NA TAREHE

Thomas Cromwell alizaliwa karibu mwaka 1485 huko Putney, kijiji kando ya mto Thames ambacho leo kimekwisha kumezwa na mji wa London. Tunasema karibu, kwa sababu siku yake na mwezi wake havijulikani, na hata mwaka wenyewe ni wa kukisia. Mkumbuke jambo hili, wandugu, maana tutalirudilia.

Baba yake aliitwa Walter. Alikuwa mfua chuma, tena alisafisha nguo za manyoya ya kondoo, tena alipika pombe na kuiuza. Namna gani tunajua hayo yote juu ya mtu mdogo vile? Si kwa kitabu cha kanisa. Tunayajua kwa sababu wakaaji wa Putney walikuwa chini ya baraza la shamba kubwa la Wimbledon, na baraza lile liliandika makosa na malipo ya watu wake. Jina la Walter linaonekana humo mara nyingi, juu ya pombe. Wakati ule mtu mdogo wa Uingereza akiandikwa mahali, ilikuwa paka kwa sababu anadaiwa, au anashtakiwa, au anapokea shamba. Kuzaliwa kwake hakukumhusu mwandishi yeyote.

Hata matajiri walipata taabu. Mtoto wa mwenye mashamba makubwa, baba yake akifa, ilimpasa kuonyesha kama amefika miaka 21 ndipo apewe urithi wake. Basi wazee wa pale waliitwa, wakaapa, kila mmoja akaeleza ni kwa nini anaikumbuka siku ya ubatizo wa mtoto yule: huyu alivunjika mguu juma lile, yule alimzika mama yake, mwingine nyumba yake iliungua. Kumbe Waingereza nao walihesabu miaka kwa maharagwe, sawasawa na nkambo wa mwenzetu! Tulipofika hapo katika kusoma, tuliacha kumcheka.

2. SAFARI ZAKE NA NYUMBA YAKE

Thomas aliondoka kwao akiwa kijana. Inasimuliwa kama alikuwa askari katika majeshi ya Ufaransa huko Italia, akabaki bila kitu, kisha akapokelewa na mfanyabiashara wa mji wa Florence. Baadaye alifanya kazi kati ya wauza nguo wa Antwerp, mji ambao leo ni wa Ubelgiji. Hakuingia universite hata siku moja. Lakini alirudi Uingereza akijua kusema Kifaransa na Kiitalia, akijua Kilatini, akijua hesabu za biashara, akijua namna watu wakubwa wanavyofikiri. Akajifunza sheria, akawa avoka. Inasemwa pia kwamba alipotumwa Roma kwa kazi fulani, alitumia safari ile ndefu kujifunza kwa moyo Agano Jipya la Kilatini la Erasmus. Sisi tunaolalamika juu ya mistari kumi ya kushika kwa Jumapili, tufikiri kidogo.

Karibu mwaka 1515 alimwoa Elizabeth Wykes, wakapata watoto watatu: Gregory, Anne na Grace. Kisha akaingia katika kazi ya Kardinali Wolsey, minisita mkubwa wa mfalme Henry wa 8, na maisha yake yakawa mazuri. Lakini karibu mwaka 1529 mke wake alikufa. Mwezi wa 7 wa mwaka ule Thomas aliandika wosia wake, akagawanya mali, akaweka sehemu ya Anne na sehemu ya Grace. Wosia huo upo hata leo. Na majina ya watoto wale wawili wa kike yamepigwa mstari juu yake. Walikuwa wamekufa, na baba yao aliwafuta katika wosia kwa sababu hawakuwa tena na haja ya urithi.

Walikufa siku gani? Walikuwa na miaka mingapi? Hakuna anayejua. Hapakuwa na kitabu cha kuwaandika. Watoto wa avoka tajiri wa London, na alama yao karibu yote duniani ni majina mawili yaliyofutwa. Hatuwezi kusema kama Thomas alifikiri juu yao miaka tisa baadaye alipotoa amri yake. Tunasema tu kwamba yeye pia alikuwa mmoja wa wale ambao watu wao walipita bila kuandikwa.

3. MTOTO WA MFUA CHUMA JUU YA MAASKOFU

Mwaka ule ule wa 1529 Kardinali Wolsey alianguka, kwa sababu hakufaulu kupata kwa Papa ruhusa ya mfalme kumwacha mke wake Catherine. Watumishi wengi walimkimbia. Cromwell hakumkimbia: alimtetea bwana wake kadiri alivyoweza, na wengi walimheshimu kwa sababu hiyo. Mfalme naye alimwona, akamwita katika kazi yake.

Tangu hapo alipanda upesi. Mwaka 1533 alitengeneza sheria iliyokataza kupeleka mashauri Roma. Mwaka 1534 mfalme alitangazwa kuwa kichwa cha kanisa la Uingereza. Mwaka 1535 mfalme alimweka Cromwell asimamie mambo yote ya kanisa kwa jina lake. Hivi mtoto wa mpika pombe wa Putney alikaa juu ya maaskofu.

Hapa ni lazima tuseme ukweli, maana sisi Waprotestanti tunapenda mara nyingine kuhesabu mema ya watu wetu na kuruka mabaya yao. Cromwell alikuwa mtu mgumu. Thomas More, mtu mwenye elimu kubwa, alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa sababu hakukubali kuapa, na Cromwell alikuwa katika kazi ile. Kati ya mwaka 1536 na 1540 nyumba za watawa, karibu 800, zilifungwa zote. Mali zilikwenda kwa mfalme, mashamba mengi yakauzwa kwa wenye pesa, na maskini waliozoea kupewa mkate mlangoni walikuta mlango umefungwa. Mkuu wa watawa wa Glastonbury, mzee sana, alinyongwa mwaka 1539 juu ya kilima karibu na nyumba yake. Mambo hayo hatuwezi kuyapaka chokaa.

Lakini kuna upande mwingine. Wakati William Tyndale, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza, alipofungwa huko Vilvoorde karibu na Brussels, Cromwell aliandika barua kumwombea. Haikusaidia. Tyndale aliuawa mwaka 1536. Cromwell hakuacha. Alisimamia kazi ya kupiga chapa Biblia kubwa ya Kiingereza, na mwaka 1538 aliamuru kila kanisa la parokia liweke Biblia mahali ambapo watu wote wanaweza kuisoma. Na ni katika amri zile zile za mwezi wa 9 mwaka 1538 ndimo lilimo jambo tunalotaka kuwaonyesha.

4. KITABU, SANDUKU NA FUNGUO MBILI

Amri ilisema hivi kwa maana yake. Kila parokia itakuwa na kitabu kimoja. Kila Jumapili mwenye kusimamia parokia ataandika humo harusi zote, ubatizo wote na maziko yote ya juma lililopita, pamoja na siku na mwaka na majina. Hataandika peke yake kwa siri, bali mbele ya wazee wa kanisa, au mmoja wao. Kitabu kitakaa katika sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja atakuwa nao padri, na wa pili watakuwa nao wazee. Hivi hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua bila mwenzake kujua. Na pasipoandikwa, kila mara mwenye kosa atalipa shilingi 3 na pensi 4, pesa ambazo zitatumiwa kutengeneza kanisa lenyewe.

Waalimu wetu wa siasa wanatufundisha kwamba sheria nzuri inafikiri juu ya udhaifu wa watu. Tazameni hii. Inajua kama padri anaweza kusahau, basi inampa siku. Inajua kama anaweza kubadili jina juu ya pesa, basi inampa shahidi. Inajua kama kitabu kinaweza kuibwa, basi inaweka kufuli mbili.

Cromwell alieleza pia sababu zake. Watu walikuwa wanagombana mbele ya waamuzi juu ya umri, juu ya ukoo, juu ya urithi wa mashamba, juu ya mtoto aliyezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Kitabu kingemaliza maneno.

Je, watu walifurahi? Hapana. Waliogopa. Tayari mwaka 1536, wakati watu wa kaskazini walipomwasi mfalme, habari ilipita kwamba Leta itadai kodi kwa kila mtoto atakayebatizwa, kwa kila harusi na kwa kila mtu atakayezikwa. Amri ya 1538 ilipofika, hofu ile iliamka tena, hasa upande wa magharibi, katika Devon na Cornwall. Watu walisema, sasa wanatuandika, kesho watatulipisha. Wandugu, tusiwacheke hao pia. Wazee wetu wengi walikimbilia msituni walipomwona mwandishi wa Wabelgiji anakuja kuhesabu watu. Mtu aliyezoea kuandikwa paka kwa ajili ya deni, hawezi kusadiki kwamba safari hii anaandikwa kwa faida yake.

Kodi ile haikuja wakati ule. Parokia nyingine zilianza mara moja, nyingine zilikawia, nyingine ziliandika juu ya kartasi mbovu. Lakini kazi ilikuwa imeanza.

5. KUANGUKA KWAKE

Cromwell mwenyewe hakuona matunda. Mwanzo wa mwaka 1540 alimletea mfalme mke wa nne, Anne wa Cleves kutoka Ujerumani, ili kupata urafiki wa wakuu wa Kiprotestanti wa kule. Mfalme alipomwona hakumpenda. Maadui wa Cromwell, watu wa koo kubwa ambao siku zote walimdharau juu ya baba yake, walipata nafasi. Mwezi wa 4 alipewa cheo cha Earl wa Essex, heshima kubwa sana. Tarehe 10 mwezi wa 6 alikamatwa katika baraza, mbele ya wenzake.

Hakuhukumiwa na mahakama. Sheria ilipitishwa kusema kwamba ni mwenye kosa, basi. Na njia hii ya kumhukumu mtu bila kumsikiliza, yeye mwenyewe alikuwa ameitumia juu ya wengine. Aliandika barua kumwomba mfalme rehema. Tarehe 28 mwezi wa 7 mwaka 1540 alikatwa kichwa huko London, na siku ile ile mfalme alioa mke wa tano.

Jina lake halikuisha. Mwana wake Gregory aliishi. Dada yake Katherine aliolewa na Morgan Williams, na mwana wao Richard aliacha jina la Williams, akachukua la Cromwell kwa heshima ya mjomba. Katika uzao wa Richard alizaliwa Oliver Cromwell, aliyeitawala Uingereza bila mfalme miaka zaidi ya mia moja baadaye. Na tazameni tofauti: siku ya kuzaliwa ya Thomas haijulikani, lakini ya Oliver inajulikana, mwezi wa 4 mwaka 1599, na ubatizo wake uko katika kitabu cha parokia huko Huntingdon. Kati ya hao wawili ilikuwa imepita amri ya 1538.

6. KITABU KILIBAKI: KIJIJI CHA ELSTOW

Ili muone faida ya kitabu, tusimame katika kijiji kimoja kidogo, Elstow, karibu na mji wa Bedford. Wengi kati yetu wanakijua kijiji hiki bila kujua, kwa sababu alizaliwa huko John Bunyan, mwandishi wa Safari ya Msafiri. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza sufuria. Mtu wa namna hiyo, mia moja na hamsini ya miaka mbele yake, hangeacha alama.

Lakini parokia iliandika. Tunaona kwamba mwaka 1627 Thomas Bunyan alimwoa Margaret Bentley. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1628 mwana wao John alibatizwa. Mwaka 1644, mwezi wa 6, mama anazikwa. Mwezi wa 7, dada yake anazikwa. Mwezi wa 8, baba anaoa tena. Ni mistari mitatu tu, katika miezi mitatu, na mwandishi hakuweka neno la huruma hata moja. Lakini nani kati yetu hawezi kumwona kijana yule wa miaka 15 katika nyumba ile? Kisha mwaka 1650 anaandikwa mtoto wa John mwenyewe, Mary, yule aliyezaliwa kipofu, ambaye baba yake alimhurumia kuliko wote wakati alipofungwa gerezani miaka 12 juu ya kuhubiri.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilitugusa zaidi. Ubatizo wa John Bunyan tunaujua kwa njia ya kopi. Tangu mwaka 1598 malkia Elizabeth alikuwa amekubali amri nyingine: vitabu vya kale viandikwe upya juu ya ngozi ngumu, na kila mwaka parokia ipeleke kopi kwa askofu. Amri ilitilia nguvu miaka tangu malkia alipoanza kutawala. Mapadri wengine, wakiona kazi ni nyingi, waliruka miaka ya mbele yake, na ndiyo sababu vitabu vingi leo vinaanza 1558, si 1538. Uvivu wa juma moja ulifuta miaka 20 ya watu. Lakini kopi iliyotumwa ilikomboa wengi ambao kitabu chao kiliungua, kililowana au kililiwa na panya.

Leo Mwingereza anayetafuta ukoo wake wa kijijini anatembea kinyumenyume. Anaanza na yeye mwenyewe na wazee walio hai. Kisha anatumia vitabu vya Leta, vilivyoanza mwezi wa 7 mwaka 1837, na hesabu za watu, hasa ile ya 1851 inayotaja parokia ambamo kila mtu alizaliwa. Jina la parokia likipatikana, anakwenda kwenye kitabu cha kanisa. Tangu 1813 anakuta fomu zilizopigwa chapa, zinazotaja hata kazi ya baba. Katika harusi baada ya 1754 anakuta sahihi ya bwana na bibi arusi, na kama hawakujua kuandika, anakuta msalaba mdogo waliouchora kwa mkono wao. Hebu fikiri, ndugu: kuona msalaba uliochorwa na nkambo wa nkambo wako, mkono ukitetemeka, siku ya harusi yake!

Njia ina mashimo. Jina moja linaandikwa kwa namna nyingi. Jina la Bunyan lenyewe linaonekana katika sura nyingi, kila mwandishi na sikio lake. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1642, vitabu vingi viliachwa. Na makanisa yaliyojitenga na kanisa la mfalme yalikuwa na vitabu vyao, au hayakuwa na kitabu, hivi mtoto wa Mbaptisti anaweza kukosekana katika parokia ambamo alizaliwa na kukomaa. Lakini hata hivyo, mkulima asiye na shamba, mjakazi, mtoto aliyeishi siku mbili tu, wote wamo pamoja na bwana mkubwa wa kijiji, katika kitabu kimoja, kwa wino ule ule.

7. NENO LETU KWENU

Thomas Cromwell alishika mambo makubwa mengi: wafalme, malkia, mali, sheria. Mengi ya hayo yalileta damu, na mwisho damu yake mwenyewe. Lakini amri ile ndogo ya kitabu na sanduku, ambayo watu waliiogopa na ambayo maadui wake hawakuona haja ya kuifuta, ndiyo iliyofika hata kwa wajukuu wa wajukuu. Yeye hana tarehe ya kuzaliwa. Watoto wake wa kike hawana tarehe ya kufa. Mamilioni ya watu wadogo waliokuja nyuma yao wanazo.

Sisi wa kalasi ya sita tunakaribia kuondoka katika shule hii. Tuliposoma habari za Elstow tulikwenda kwa mchungaji, tukamwomba ruhusa ya kufanya kopi ya kitabu kile cha watoto waliobarikiwa, kabla mchwa hawajamaliza. Alikubali kwa sharti moja: tuandike mezani pake, mzee mmoja wa kanisa akiwa pale. Tulitazamana, maana sharti hilo tulikuwa tumekwisha kulisoma mahali. Tunaandika kila Jumamosi baada ya kazi ya mikono, katika kaye mbili. Moja itakaa kanisani, nyingine katika biro ya shule. Mahali palipoliwa tunaacha nafasi nyeupe, na tunakwenda kuuliza kwa wamama wa vijiji vya karibu. Wakitujibu kwa maharagwe na madaraja, tunaandika maharagwe na madaraja, kisha tunatafuta daraja lile lilivunjika mwaka gani.

Hatutaweza kumaliza. Kitabu ni kinene na sisi tuna egizame. Kwa hiyo tunawaomba ninyi wa kalasi ya tano mshike kazi hii tutakapokwenda. Mchungaji anataka wanafunzi wanne wenye mwandiko mzuri na wasio na haraka. Wanaotaka watoe majina yao kwetu kabla ya siku ya Ijumaa.

Na ninyi wote, mtakapokwenda nyumbani kwa mapumziko, chukueni kaye moja na kalamu, mkakae karibu na nkambo zenu wakiwa bado hai. Waulizeni majina ya baba zao na mama zao, na mahali walipozikwa. Andikeni, kisha mwandike tena katika kaye ya pili, na mwipe ndugu mwingine ailinde.



Wanafunzi wa kalasi ya sita, kwa mkono wa mkubwa wa wanafunzi